Mrejesho: Maandishi madogo ya PDF kwenye kifaa cha kusomea vitabu

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza jinsi ya kusoma faili za PDF kwenye kifaa changu kipya cha inchi 6, ambako maandishi yalionekana madogo kama punje za wimbi. Nilifuata kwanza ushauri wa kuzigeuza ziwe EPUB, aina ya faili ya vitabu vya kielektroniki, kwa programu ya Calibre, na vitabu vilivyochapwa kwenye kompyuta sasa vinasomeka vizuri, kwa kuwa mistari hujipanga upya kila ninapokuza herufi, ingawa nambari za kurasa zimebaki zikikatiza sentensi hapa na pale. Vitabu vilivyoskaniwa vimekataa kabisa, maana kila ukurasa ni picha tu. Hivyo ninavisoma kwa kulaza skrini, nusu ukurasa kwa wakati mmoja, na majedwali bado yananishinda. Kuzima Wi-Fi kumesaidia: chaji haiishi upesi tena. Na aliyenihakikishia kuwa wino wa kielektroniki, yaani aina ya skrini ya kifaa hiki, haufifii juani alisema kweli, kwani adhuhuri pale Dunga, jua la Kisumu likiwaka, nilisoma bila kukunja uso. Anayetaka kusoma vitabu vilivyoskaniwa zaidi atafute skrini kubwa. Asanteni sana.