M340i au M3 Competition? Hela ni ileile, kichwa kinagoma kuamua

Pistoni_Sita (mwanzisha mada)

Wakuu habarini, naombeni msaada wa mawazo maana hapa nilipofika peke yangu nimekwama. Nataka BMW 3 Series ya bodi ya sasa hivi na hela niliyojipanga nayo inanipa njia mbili tu, nichukue M340i xDrive (ya kusukuma tairi zote nne) ambayo haijatembea sana, au nichukue M3 Competition G80 (G80 ni jina la bodi yake) ya kusukuma nyuma ambayo mwenye nayo wa kwanza keshaitumia vya kutosha. Zote nimeziendesha. M340i nilishuka nimeridhika kabisa nikasema hii hapa yangu, alafu nikapanda M3, nikashuka mikono inatetemeka, na toka siku hiyo ndo mambo yakaharibika.

Matumizi yangu ni kazini kila siku na foleni ipo, watoto wawili kiti cha nyuma, wikendi napenda kutoka alfajiri niende barabara yenye kona nyingi kabla watu hawajaamka. Uwanja wa mbio natamani sana kuanza kwenda ila bado. Kwenye makaratasi naona M340i ina hosipawa 374 na M3 Competition 510, hiyo ni tofauti ya 136 yani ni kama umeongeza injini ya gari nyingine ndogo juu yake. Lakini ukija kwenye 0 mpaka 100 moja inasema sekunde 4.4 nyingine 3.9, nusu sekunde tu. Sasa hapo ndo sielewi. Ile M3 inanipa nini hasa ambacho M340i haina? Na nikichukua M340i, kila nikipishana na M3 barabarani roho haitaniuma? Waliokaa na hizi gari semeni ukweli mtupu.

KonaKali

Mkuu hiyo nusu sekunde isikuchanganye. M340i inasukuma tairi zote nne kwahiyo ukikanyaga kutoka kusimama inang'ata lami inaondoka, M3 unayoitaka inasukuma nyuma tu, nguvu yote ile inasubiri tairi mbili zikubali. Ndo maana namba zinakaribiana. Ukitaka kuona 136 zilipo angalia kutoka 100 kwenda 200, hapo M3 inaondoka na hamna mjadala. Ila jiulize kwenye maisha yako unaenda 200 mara ngapi na wapi.

Kitu ambacho watu hawakiangalii ni tairi. M3 Competition mbele inavaa 275/35 (upana milimita 275, ukuta ni asilimia 35 ya upana huo) rimu ya 19, nyuma 285/30 rimu ya 20. M340i mbele ni 225 na nyuma 255. Soma tena taratibu: tairi ya MBELE ya M3 ni pana kuliko tairi ya NYUMA ya M340i. Hicho ndicho kilichokutetemesha mikono mkuu, sio hosipawa. Ukiingia kona na M340i kwa spidi kubwa kidogo pua inaanza kukwambia "taratibu", inataka kutoka nje, unasubiri kidogo ndo inakubali. M3 ukigeuza usukani pua imeshafika, hakuna kusubiri, na unaanza kuiamini mapema sana.

Kingine ni joto. Barabarani unafunga breki mara moja kwa nguvu alafu unatembea, zinapoa. Uwanjani unafunga kila baada ya muda mfupi tena kutoka spidi kubwa. M340i ina kalipa (vile vishikio vinavyobana pedi kwenye disiki) za pistoni 4 mbele na ni breki nzuri tu, mzunguko wa kwanza utafurahi, wa pili utafurahi, ukiendelea kukaza pedali inaanza kuwa ndefu, mguu unashuka chini zaidi kabla gari haijashika, maana mafuta ya breki yameanza kuchemka na pedi zimepita joto lake. M3 ina pistoni 6 mbele na disiki kubwa, na rejeta za maji na oili zimewekwa kwa mtu anayekaza muda mrefu. Hapo ndipo hela ya M3 ilipo. Sio kwamba inafanya kitu kimoja ambacho M340i haiwezi, inafanya kitu kilekile tena na tena na tena bila kuchoka.

Kwahiyo mimi swali langu kwako ni moja, uwanjani utaenda kweli au ni neno tu? Kama utaenda mara kwa mara chukua M3. Kama ni barabara, M340i sio gari ya kujifariji, kwa barabara ndo gari sahihi.

NyumaTu

Nakubaliana na KonaKali kwenye tairi na breki ila hapo mwisho napinga kwa heshima zote. Hii habari ya "kama huendi uwanjani usinunue M3" inasemwa sana na mimi naona inawanyima watu gari wanayoipenda. M3 unaisikia hata kwenye 60. Bodi imeongezewa vyuma vya kukaza chini ya boneti na chini ya gari, usukani unajibu hapohapo, ukikanyaga kidogo tu kutoka kwenye kona unasikia nyuma inakusukuma mgongoni. Hizo sio hisia za uwanjani, hizo zipo hata ukitoka kwenda kununua mkate.

Na kumbuka hii gari imetoka wapi. M3 ya kwanza kabisa, ya bodi ya E30 ya 1986, ilitengenezwa ili BMW waruhusiwe kuipeleka kwenye mashindano, walikua lazima wauze za barabarani ndo wakubaliwe. Toka hapo M3 imekua ni gari ya mashindano iliyowekewa viti vya nyuma. M340i ni 3 Series iliyofanyiwa kazi nzuri sana. Mwanzo wao ni tofauti na unausikia.

Alafu kama unapenda gia za mkono, M3 ya kawaida isiyo Competition ina 480 na gia sita za mkono, M340i hamna kabisa, ni oto tu. Na kama unaogopa mvua, kuna Competition ya xDrive, inagusa 100 kwa sekunde 3.5, na siku ukitaka unazima za mbele inabaki kusukuma nyuma. Roho itauma mkuu, nakwambia ukweli. Ulishaonja.

MamaMapacha

Kaka Pistoni naona wote wanaongea kama unaishi peke yako kwenye hiyo gari. Umesema una watoto wawili, ngoja nikupe upande huo.

Nafasi ya nyuma na buti ni karibu sawasawa, zote buti lita 480, kwahiyo hapo hakuna mshindi. Tofauti ni jinsi gari inavyopita kwenye barabara mbovu. Ukuta wa tairi ya nyuma ya M3, 285/30, ni kama milimita 85 hivi kutoka rimu mpaka lami. M340i ukiivalisha rimu za 18 nyuma ni 255/40, unapata milimita 102. Ongeza na shokapu na springi za M3 ambazo hata ukiziweka kwenye comfort (ile hali laini) bado ni ngumu. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma kwenye M3 anaamka kwenye kila kiraka cha lami, alafu ile safari ya wikendi uliyokua unaingoja inaisha na mtoto analia na wewe unaendesha 50. Na tairi yenye ukuta mfupi ikiingia shimo rimu inapinda, sio mchezo.

Angalia pia hiyo M3 ina viti gani mbele. Kama ni vile vya kaboni vyenye kinundu katikati ya mapaja, jaribu kuingia na kutoka hata mara kadhaa ukiwa umevaa nguo za kazini na mkononi umebeba mtoto. Kwa uwanjani ni vizuri mno, kwa kumpeleka mtoto shule vinachosha mapema.

Ushauri wangu: tafuta M340i yenye shokapu za kubadilika (unachagua laini au ngumu), maana sio zote zinazo, nyingi zina zile ngumu za M Sport za kudumu. Ukipata yenye shokapu za kubadilika na rimu za 18 utakua na gari mbili ndani ya moja, ya alfajiri na ya watoto.

Fundi_Oili

Salaam wadau. Mimi ni fundi, nitaongelea injini na kukagua tu, mengine mmeshayasema.

Zote ni lita 3.0 silinda sita kwenye mstari na zinafanana kwa mbali lakini sio injini moja. M340i ni B58, turbo moja. M3 ni S58, turbo mbili. B58 inatoa torki (nguvu ya kuvuta) yake yote ya Nm 500 kabla hata haijafika rpm 2,000, ndo maana kwenye foleni na mjini inajisikia nyepesi, unagusa kidogo imeondoka. S58 ya Competition ina Nm 650 ila inazifikia kwenye 2,750, inataka uikimbize kidogo, na juu huko inaendelea kuvuta wakati B58 imeshaanza kutosheka. Kwa mtu wa foleni B58 ni tamu zaidi, hilo nasema kama fundi sio kama mpenzi wa upande wowote. Giaboksi zote ni oto ya gia 8, kwahiyo hapo huna unachokosa. B58 ipo sokoni toka 2015 na Toyota waliichukua wakaiweka kwenye Supra ya 2019, ni injini mafundi wameizoea sana.

Sasa hiyo M3 iliyotumika. Kitu cha kwanza, kabla hujaangalia rangi wala hujawasha, omba karatasi ya sevisi ya kilomita 2,000. Gari za M zina sevisi ya mwanzo ambayo oili ya injini na oili ya difu inamwagwa gari ikiwa bado changa, maana ndo muda vyuma vinakaa sawa na vumbi la chuma linabaki kwenye oili. M340i haina sharti hilo. Mtu aliyeruka hiyo sevisi ujue na nyingine kazifanya vipi.

Pili angalia tairi kwa ndani, sio kwa nje. Piga goti, peleka mkono nyuma ya tairi upapase ukingo wa ndani. Ukikuta ndani imelika mpaka laini na nje bado ina maua, ama alaimenti ni mbovu ama imekimbizwa. Angalia disiki, kama kuna nyufa ndogondogo zinazozunguka kwenye vile vitobo, hiyo imepigwa uwanjani. Uwanjani sio dhambi, ndo kazi yake, ila mwenye nayo akwambie. Tatu uliza kama imefanyiwa rimapu (kubadilishiwa programu ya injini ili iongeze nguvu) na uipime kwenye mashine, usikubali maneno.

Sevisi na spea za M3 ziko juu kuliko za M340i, pedi, disiki, tairi, vyote. Usinunue gari ukabakiwa na hela ya mafuta tu.

Pistoni_Sita

Asanteni sana jamani, dada MamaMapacha umenigusa kwenye viti, ni vilevile vya kaboni na sikuwaza kabisa habari ya mtoto mkononi. KonaKali hiyo ya tairi ya mbele nimeisoma mara nyingi leo, ndo jibu la swali langu la kwanza.

Fundi, nimempigia mwenye M3. Karatasi ya 2,000 hana, anasema ilifanyika ila karatasi ilipotea. Nikarudi kuiangalia, nikapapasa kama ulivyosema, tairi za mbele ndani zimelika kabisa, nje nzuri. Disiki zina nyufa kwenye vitobo. Nikamuuliza uwanjani ilienda akasema hajawahi, mjini tu.

Fundi_Oili

Achana nayo mkuu. Sio kwasababu ya tairi wala disiki, hizo zinanunuliwa. Disiki za mjini hazipasuki hivyo, kwahiyo huyo anakuficha kitu kimoja na huwezi jua cha pili ni kipi. Na sevisi ikifanyika sehemu rasmi kumbukumbu inabaki kwenye mfumo wao hata karatasi ikipotea, angeweza kuiomba akakuonyesha.

NyumaTu

Hapo niko na fundi. M3 ndio, ila sio hiyo. Kama una subira ngoja nyingine yenye karatasi zote.

Pistoni_Sita

Subira ninayo ila gari naihitaji saivi. Nimeamua M340i, naitafuta yenye shokapu za kubadilika na rimu za 18 kama dada alivyosema. Uwanjani nitaanza nayo hivyohivyo, kama nikiona naenda kila nafasi inapopatikana basi nitajua M3 ni haki yangu na nitaitafuta taratibu.

KonaKali, kwa kuanzia uwanjani na M340i nibadilishe nini?

KonaKali

Uamuzi mzuri kaka. Usiguse injini kabisa, acha hivyo ilivyo. Mwaga mafuta ya breki weka mapya ya DOT 4 yale yenye kiwango cha juu cha kuchemka, na pedi za mbele weka zinazovumilia joto zaidi ya zile ilizokuja nazo. Hayo mawili tu yanabadilisha siku yako yote. Ukiwa uwanjani fanya mzunguko mmoja wa taratibu oili na tairi zipate joto, mmoja au miwili ya kukaza, alafu mmoja wa kupoza bila kukanyaga breki sana, ndo uingie kupumzika. Ukisimama usivute handibreki, disiki zikiwa za moto pedi zinagandia. Iache kwenye P.