Corolla ya 1994 inamisi (injini inakosakosa moto) asubuhi za mvua

Wakuu, nina Corolla AE100, injini 5A-FE. Ikilala kwenye mvua, asubuhi inatetemeka kama ina homa. Juzi mlima Kitonga nimepanda kwa gia ya kwanza, malori yananipita! Plagi zote nne mpya. Fundi anataka tubadilishe pampu ya mafuta. Nimpe hela?

— Usimpe kwanza. Usiku zima taa, fungua boneti injini ikiwa inaunguruma, puliza maji kidogo juu ya waya za plagi. Ukiona cheche za bluu zinarukaruka, mwizi umempata. Mikono mbali, ile shoti si ya mchezo.

— Chungulia na mashimo ya plagi. Injini hizo sili za tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) zikichoka, oili inajaa humo.

— Ukirudisha waya, mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Mie nilichanganya, ikapiga mzinga majirani wakatoka nje.

Mleta mada: Shimo la pili lilijaa oili, na kepu ya distributa (kile kinachogawa moto kwa plagi) ina ufa mwembamba kama unywele. Nimefunga kepu, rota, waya na sili mpya. Leo imenyesha, imewaka kwa jaribio la kwanza tu. Fundi kaninunia.