Mashamba ya divai ya Stellenbosch na Franschhoek: nani atashika usukani?

Mama wa Kampemba ameuliza:

Ndugu wapendwa, salamu kutoka Lubumbashi. Mwezi wa pili ujao mimi na mume wangu tutatimiza miaka 25 ya ndoa, na watoto wametuchangia safari ya Afrika ya Kusini, ambamo siku nne tumezitenga kwa ajili ya mashamba ya divai. Mume wangu anataka tukodi gari tukishuka tu kwenye uwanja wa ndege wa Cape Town, tulale mjini humo, na kila asubuhi aendeshe hadi mashambani na kuturudisha jioni. Anasema kuonja si kunywa, kwa kuwa wanamimina kidogo, na kwamba yeye ameizoea divai. Mimi siendeshi. Katika ukoo wetu tumekwisha kumzika kijana mmoja kwa sababu ya pombe na usukani kwenye barabara ya Likasi, kwa hiyo nikianza kusema naishia kulia, naye hasikilizi machozi. Nataka hoja. Je, waliofika huko walizungukaje?

Muuguzi wa Ruashi amejibu:

Mama, hoja yako ya kwanza iwe hesabu. Kila divai wanayokuonjesha ni kama mililita 25 au 30, na kwa kawaida hupewa aina tano au sita, hivyo shamba moja ni kama mililita 150, yaani glasi moja iliyojaa vizuri. Kwa divai ya asilimia 13 hadi 14, hizo ni takriban gramu 16 za alkoholi tupu. Sheria ya Afrika ya Kusini inataka dereva awe chini ya gramu 0.05 katika mililita 100 za damu, na dereva wa kazi chini ya 0.02. Mwanamke wa kilo 60 hukaribia kikomo hicho kwa shamba moja tu. Mwanaume wa kilo 80 ana nafasi zaidi, lakini akipita mashamba matatu kwa saa tatu anakuwa ukingoni kabisa, na glasi moja ya chakula cha mchana inamvusha, ingawa ini limekuwa likipunguza kama 0.015 kila saa. Haya ni makadirio, kwani miili hailingani, na umakini huanza kupungua kabla ya kikomo kufikiwa.

Kahawa, maji baridi na kuoga haviliharakishi ini. Kuhusu mazoea, mwenye mazoea hajioni kuwa amelewa, lakini kipimo kinasoma pumzi na damu, hakisomi mazoea. Kutema ndani ya chombo kunasaidia sana, na waonjaji wa kazi hufanya hivyo bila aibu. Ila mtu aliyelipia sikukuu ya miaka 25 ya ndoa, sijui kama atatema ile iliyompendeza.

Mwanafunzi wa Zamani amejibu:

Nilisoma Stellenbosch, na kosa ninaloliona katika mpango wa mzee ni mahali pa kulala. Cape Town iko kilomita 50 hivi kutoka Stellenbosch, na Franschhoek iko mbali zaidi; ukilala mjini, kila jioni una safari ndefu ya kurudi, tena ukiwa umechoka. Laleni usiku mbili Stellenbosch na usiku mbili Franschhoek, na sehemu kubwa ya tatizo itakuwa imeondoka kabla hamjafungua chupa.

Franschhoek kuna tramu ya divai, iliyoanza mwaka 2012, inayopita kwenye reli ya zamani ikisaidiwa na mabasi. Mnanunua tiketi ya siku, mnashuka kwenye shamba, mnaonja, kisha mnapanda inayofuata kwa saa iliyopangwa. Malipo ya kuonja ni ya pembeni, kila shamba na bei yake. Mwezi wa pili ni wakati wa mavuno na wageni ni wengi, kwa hiyo nunueni tiketi mapema. Stellenbosch mjini teksi za kuitwa kwa simu zinapatikana bila shida, lakini kwenye mashamba ya ndani msitegemee kwamba gari litakuja jioni. Patana na dereva wa asubuhi awarudie, na kumbukeni kwamba vyumba vingi vya kuonjea hufungwa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni.

Na msidanganywe na jina: Franschhoek maana yake ni pembe ya Wafaransa, kwa ajili ya Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, waliofika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1688, lakini Kifaransa chetu hakiwafikishi popote pale.

Papa wa Golf amejibu:

Tramu ni nzuri, ila inakuharakisha. Divai ikinoga, saa ya kupanda imefika. Sisi tulikuwa wanne tukakodi gari pamoja na dereva wake kwa siku nzima, na tulipogawana gharama haikutuuma. Mwambie pia mzee kwamba kule wanaendesha kushoto. Aliyewahi kuvuka Kasumbalesa kuingia Zambia anajua namna kichwa kinavyochelewa kwenye mzunguko wa barabara, hata kwa mtu aliyekunywa chai tu. Tena permi yetu, yaani leseni ya udereva, ni ya Kifaransa. Huenda akatakiwa kuwa na ile ya kimataifa.

Mama wa Kampemba amejibu:

Asanteni sana. Tumekubaliana kulala huko huko, tramu siku moja, dereva wa kukodi siku mbili, na siku ya nne kutembea kwa miguu mjini Stellenbosch. Mume wangu ameisoma hesabu ya muuguzi mara mbili, kisha akauliza kama kilo zake 92 hazimpatii nafuu.

Muuguzi wa Ruashi amejibu:

Zinampatia, Mama. Kwa mashamba yale yale matatu na glasi ile ya mchana, badala ya 0.073 ya yule wa kilo 80, yeye anapata kama 0.057. Bado amevuka.