Mchoro wa kale wa Kiholanzi: nitautambuaje?

Mkazi wa Langoni, Lamu: Assalamu alaikum. Nimepata mchoro wa meko ya ukutani iliyopangwa vyombo vya kaure hadi darini, wenye jina la Daniel Marot. Je, ni chapa ya kale?

Fundi Fremu: Waalaikum salamu. Papasa pembezoni, kwani chapa ya kale hupigwa kwa bamba la shaba lililochorwa, nalo likikandamizwa huacha ukingo uliobonyea kwenye karatasi, na wino wa mistari huinuka kidogo. Ukiona vitone vilivyopangika chini ya lenzi, hiyo ni nakala ya kisasa.

Mshela: Marot, msanifu wa mapambo ya nyumba, alizaliwa Paris mwaka 1661, akahamia Uholanzi Waprotestanti walipobanwa Ufaransa, akamtumikia mtawala wa huko, William wa Tatu, katika kasri la Het Loo. Kaure zake zanikumbusha zidaka zetu, vile vishubaka vya ukutani vya kupangia vyombo, ingawa yeye alizidisha mno.

Fundi Fremu: Tafadhali usiukate pembezoni ili uenee kwenye fremu, maana ukingo ule ukipotea, thamani hushuka.