Kadi ya michoro kwa OptiPlex 7010: ninunue au niache?

Mpigapicha wa Nyegezi

Wakuu, salaam. Nina studio ndogo hapa Nyegezi, Mwanza, ninakohariri video za sendofu na harusi. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010 yenye prosesa ya Core i5-3470, ramu ya GB 8 na diski (hard disk) ya zamani, na kazi yote ya picha inafanywa na Intel HD 2500 iliyomo ndani ya prosesa. Video ninazopiga kwa kamera yangu, ambazo zimebanwa kwa mfumo wa H.264, zinacheza vizuri, lakini zile ambazo ndugu wa maharusi wananitumia kutoka kwenye simu zao zinaganda kila baada ya sekunde chache, hata kabla sijagusa rangi wala maandishi. Muuzaji mmoja wa mjini ana kadi ya michoro ya GTX 1050 Ti ya GB 4, iliyotumika, na anasema ndiyo dawa. Je, mashine ya umri huu inastahili kadi hiyo, au nitakuwa nachota maji kwa pakacha?

Fundi wa Kirumba

Mkuu, maelezo yako yameshatoa nusu ya jibu. Simu nyingi za sasa, zikiwemo iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017, hurekodi kwa mfumo wa HEVC, ambao hubana video zaidi kuliko H.264 na kwa sababu hiyo huhitaji nguvu nyingi zaidi video inaposimbuliwa, yaani inapofunguliwa ili ichezwe. HD 2500 ni ya mwaka 2012 na haina sehemu ya kusimbua HEVC, kwa hiyo mzigo wote unaiangukia prosesa. GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016, inasimbua HEVC yenyewe na pia inaisimba, yaani inaibana, unapotoa kazi iliyokamilika. Hapo muuzaji amesema kweli. Asije tu akakushawishi uchukue kadi ya GT 1030 kwa kuwa ni nafuu: nayo inasimbua HEVC, lakini haina kabisa sehemu ya kusimba video, na kwa mhariri hilo ni pengo kubwa.

Hata hivyo, usilipe kabla ya kufungua kasha. OptiPlex 7010 ilitengenezwa kwa maumbo kadhaa. Kasha kubwa la wima linapokea kadi ya kimo cha kawaida, ilhali lile jembamba linataka kadi fupi yenye bamba fupi, ambayo haipatikani kirahisi. Pawasaplai ya kasha kubwa ni ya wati 275 na haina waya wa pini 6 wa kulisha kadi. GTX 1050 Ti hutumia wati 75, ambazo sloti ya PCI Express x16, yaani ile ya ubao mama inamochomekwa kadi, inaweza kuzitoa peke yake, lakini baadhi ya watengenezaji waliongeza tundu la pini 6 kwenye matoleo yao. Ukiliona tundu hilo, iache. Adapta za kuunga waya za diski ziwe pini 6 zipo, ila mimi sizifungi kwenye mashine ya mteja.

Mtoto wa Ukerewe

Naona hesabu haijakamilika. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha tatu kama yako haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Ukijumlisha kadi, SSD (diski ya kisasa yenye kasi) na ramu ya ziada, linganisha na bei ya kompyuta iliyotumika yenye prosesa ya i5-8500, ambayo sehemu yake ya picha, UHD 630, inasimbua HEVC bila kadi yoyote, na Windows 11 inaikubali.

Mpigapicha wa Nyegezi

Nashukuru sana. Nimecheza video ya simu huku nikitazama Task Manager, inayoonyesha mzigo wa kila kifaa: prosesa inafika asilimia 100, diski haifiki hata robo. Kasha ni lile kubwa, na kadi ya yule muuzaji haina tundu la pini 6. Hoja ya i5-8500 ninaikubali, ila kwa sasa fedha iliyopo inatosha kadi tu, na kazi za Desemba nimeshazipokea.

Fundi wa Kirumba

Basi nunua kadi. SSD isubiri, kwa kuwa diski siyo inayokukwamisha, na siku ukibadilisha kompyuta utahama na kadi yako, mradi kasha jipya lisiwe jembamba. Nenda na flashi yenye video ileile inayoganda, muuzaji aiwashe kadi mbele yako, na uhakikishe kwamba usimbuaji wa kadi umewashwa kwenye mipangilio ya programu. Itazame na feni, maana huku kwetu vumbi na wadudu wa ziwani hujazana humo mpaka ikashindwa kuzunguka. Jambo la mwisho ni waya wa monita, ambao utauchomeka kwenye kadi wala si kwenye ubao mama. Kama monita yako bado ni ya VGA, ile njia ya zamani ya picha, nunua kabisa adapta ya HDMI kwenda VGA, kwa sababu kadi hizo hazitoi VGA, hata kwenye tundu lake la DVI.