Mwanafalsafa Kant alisoma wapi kabla ya kuwa profesa?

Wakuu, baba yake Kant alitengeneza matandiko ya farasi au mikanda? Na kwa nini alichelewa kupata shahada?

Jibu la 1:
Mikanda, yaani hatamu na lijamu za ngozi. Usichanganye: mafundi wa matandiko walikuwa na chama chao, na vyama hivyo viwili viligombania kazi hadi kipato cha familia kikapungua. Kant alizaliwa Königsberg, mji wa Prussia (leo Kaliningrad, Urusi), 22 Aprili 1724. Mchungaji Schulz ndiye aliyemwona ana akili, akamfungulia njia ya kuingia shule ya Collegium Fridericianum, 1732 hadi 1740: Kilatini kwa wingi, na dini asubuhi hadi jioni. Mama yake alifariki 1737.

Jibu la 2:
Naongezea, mkuu. Chuo kikuu aliingia 1740, hapohapo mjini. Mwalimu wake Martin Knutzen ndiye aliyemfungulia fizikia ya Newton. Baba alifariki 1746, fedha zikakata, akaenda kufundisha watoto majumbani kwa watu. Shahada aliipata 1755 kwa andiko la Kilatini kuhusu moto. Akaanza kufundisha chuoni bila mshahara, akilipwa ada na wanafunzi wenyewe. Uprofesa ulikuja 1770, akikaribia miaka 46 tayari.