Mkanda wa mashine ya msasa unashuka na kukwaruza fremu: nianzie wapi?

Seremala wa Kadutu, Bukavu
Mafundi wenzangu, nawasalimu. Katika karakana yetu tunayo mashine ya msasa yenye mkanda mrefu uliosimama wima kwenye rola mbili, pamoja na meza na kizuizi cha kuegemezea ubao. Tangu tuihamishe kutoka chumba cha nyuma na kuiunganisha kwenye laini nyingine ya umeme, mkanda unashuka hadi kukwaruza fremu, hata baada ya kufunga mpya wa namba 80 (kipimo cha ukali wa msasa). Mzee anayetuongoza huupandisha kwa kijiti huku mota ikizunguka, nami kusema kweli moyo hunidunda kila anapofanya hivyo. Jana kipande cha mbao ya libuyu kilinichomoka mikononi kikaruka hadi mlangoni. Je, kuna njia salama ya kuurekebisha?

Fundi wa Katuba, Lubumbashi
Pole sana, ndugu yangu. Mwombe Mzee kwa heshima akiweke kando kijiti hicho. Chomoeni plagi kwanza. Kuzima swichi hakutoshi, kwa maana mwanafunzi anayepita anaweza kuigusa. Legeza mkanda, uutoe, kisha kwangua vumbi na utomvu ulioganda kwenye rola, kwa sababu hata donge dogo huupotosha. Angalia mshale uliochapwa nyuma ya mkanda: sharti uelekee mkanda unakokwenda, la sivyo kiungo chake kinaweza kufumuka.

Ukishaukaza, uzungushe kwa mkono, ukigeuza skurubu ya kuongozea robo mzunguko tu kila mara, hadi utulie katikati ya rola. Hapo ndipo urudishe plagi, usimame pembeni, uwashe na kuzima papo hapo, na kutazama mkanda unaelekea wapi mwendo wake unapopungua. Pengo kati ya meza na mkanda lisizidi milimita 1.6, kwani kipande chembamba kikizama humo, vidole hukifuata.

Fundi umeme, Himbi, Goma
Maelezo ya kaka wa Katuba ni sahihi, ila tumelipita haraka neno moja: laini nyingine ya umeme. Ikiwa mota hiyo ni ya fazi 3 (inayolishwa kwa nyaya tatu za umeme), za volti 380, na waliounganisha wamebadilishana nafasi za fazi mbili, mota inazunguka kinyume. Skurubu haitatii, kwa kuwa ilirekebishwa kwa mwendo wa upande ule mwingine, na ubao, badala ya kusukumwa kwenye kizuizi, unatupwa upande usio na kitu. Nadhani ndivyo libuyu yako ilivyofika mlangoni.

Toeni mkanda, washeni kidogo, mlinganishe mzunguko na mshale ulio kwenye mashine. Ukiwa kinyume, fundi umeme akate umeme kwenye kasha kuu, ahakikishe kwa kipimo kwamba umekatika kweli, kisha abadilishane nyaya mbili kati ya zile tatu za fazi. Waya wa ardhi usiguswe.

Seremala wa Kadutu, Bukavu
Asanteni sana. Ilikuwa inazunguka kinyume kweli, na baada ya fundi umeme kubadilisha nyaya, robo mzunguko mbili za skurubu zilitosha. Mzee amecheka, ila sasa anasisitiza kwamba tuvae glavu.

Fundi wa Katuba, Lubumbashi
Hapo Mzee anisamehe: glavu hapana, mkanda huikamata ukavuta na mkono. Miwani na barakoa ndizo za lazima, maana vumbi la mbao limeorodheshwa tangu 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa visababishi vya ugonjwa huo. Umeme ukikatika mkiwa kazini, zimeni swichi mara moja, usije ukarudi mtu akiwa ameinamia rola. Na anayetaka kunoa patasi hapo aondoe kwanza vumbi lote la mbao, kwa sababu cheche ikiingia kwenye mfuko wa vumbi, moto unaweza kufuka kwa saa kadhaa kabla hamjauona.